Kubadilisha Filta ya Mafuta ya Gari Nyumbani kwa Usalama: Mwongozo Kamili

Kubadilisha filta ya mafuta, yaani ile inayochuja petroli au dizeli na si ya oili, ni kazi fupi. Mtu mwenye spana sahihi, na ambaye filta ya gari lake imekaa mahali pa wazi, anaweza kuifungua na kufunga mpya katika muda usiozidi saa moja. Hata hivyo ni miongoni mwa kazi chache za gari ambazo uzembe mdogo unaweza kuunguza gari, kibanda cha jirani na mtu aliyeshika spana, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanyika kabla nati ya kwanza haijalegezwa. Asiyekuwa na subira ya mambo hayo ni afadhali ampelekee fundi.

Je, ni filta kweli?

Filta iliyoziba huonyesha dalili zake hasa injini inapohitaji mafuta mengi kwa mkupuo. Gari linatembea vizuri kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, lakini likianza kupanda Daraja la Mfugale pale Tazara likiwa na abiria na mizigo linakosa nguvu, linashtukashtuka, na ukikanyaga zaidi halikuitikii. Kuchelewa kuwaka asubuhi na kuzimika ghafla ukiwa kwenye mwendo ni dalili nyingine. Tatizo ni kwamba plagi zilizochakaa, koili mbovu, filta ya hewa iliyojaa vumbi na pampu ya mafuta iliyochoka huleta dalili zinazofanana na hizo. Anza na vile vya bei ndogo ambavyo unaweza kuvikagua kwa macho, yaani filta ya hewa na plagi, kisha tazama lini filta ya mafuta ilibadilishwa mara ya mwisho. Kwa dizeli, baadhi ya watengenezaji hutaka filta ibadilishwe kila baada ya kilomita 10,000 hadi 20,000. Kwa petroli muda ni mrefu zaidi, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Gari lililoagizwa likiwa limeshatumika, ambalo historia yake huijui, lihesabu kuwa halijawahi kubadilishiwa.

Ni vyema pia kujua mpaka wa kile filta inachoweza kufanya. Huzuia kutu, vumbi na mashapo ya tenki, na kwenye magari ya dizeli hutenga maji. Haiwezi kutenganisha mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, na uchakachuaji wa namna hiyo ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali. Kama gari lilianza kusumbua dakika chache baada ya kutoka sheli, filta mpya huenda isikusaidie chochote mpaka tenki lisafishwe.

Filta yako iko wapi?

Hapa ndipo wengi wa Dar es Salaam wanapokwama, kwa kuwa magari madogo yaliyojaa mjini, kama IST, Vitz, Premio na Allion, hayana filta ya mafuta chini ya boneti. Filta yake imo ndani ya tenki pamoja na pampu, na hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma. Corolla za miaka ya 1990, kwa upande mwingine, zina filta ya chuma iliyofungwa kwenye chumba cha injini. Magari mengine yana filta chini, kandokando ya chesesi karibu na tenki. Pikapu ndogo za kabureta hutumia kifilta cha plastiki kinachoonyesha ndani, kilichobanwa na klipu mbili kwenye mpira. Hiace, Hilux, Canter na Land Cruiser za dizeli zina filta kubwa ndani ya chumba cha injini, mara nyingi ikiwa na pampu ndogo ya mkono juu yake.

Usinunue chochote kabla hujaiona kwa macho filta uliyo nayo. Unapokwenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta spea, beba namba ya chesesi na namba ya injini, na kama inawezekana picha ya filta ya zamani ikionyesha vichwa vyake vyote viwili. Kisha dai mambo matatu ambayo muuzaji asipoulizwa hatayataja: washa mpya za shaba au alumini kama bomba limefungwa kwa bolti yenye tundu, oringi mpya kama filta inazo, na klipu mpya kama bomba ni la mpira. Washa ya zamani ikishabanwa mara moja imeshachukua umbo lake, na kuirudia ni kualika petroli ivuje juu ya injini yenye moto.

Filta feki zipo nyingi, na dalili zake ni mshono wa bati usio nyoofu, maandishi yanayofutika kwa kidole, na uzito mdogo kuliko ile unayoitoa. Kifilta cha plastiki cha kabureta kamwe kisifungwe kwenye gari la EFI, yaani lenye nozeli za kupuliza mafuta zinazoendeshwa na kompyuta badala ya kabureta. Kabureta hupokea mafuta kwa presha ndogo, ilhali mfumo wa EFI hufanya kazi kwenye presha ya takriban baa 3, na plastiki ile hupasuka. Hali ni hiyo hiyo kwa mpira: kama unabadilisha kipande cha mpira kwenye EFI, tafuta wenye alama ya R9, ambao umetengenezwa kwa presha hiyo, wala usikubali mpira wa maji hata kama unaingia vizuri.

Mahali pa kufanyia kazi

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye joto letu la nyuzi 30 na zaidi, kila tone linaloanguka hugeuka mvuke mara moja, na inatosha hewa iwe na mvuke wa asilimia 1.4 tu ili ilipuke ikikutana na cheche. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai na kupotea, bali hutiririka kama maji kufuata mteremko wa uwanja, ukaingia kwenye mtaro, chini ya mlango wa jikoni, au barazani kwa mpangaji wa chumba cha tatu ambaye ndiyo kwanza amekoleza jiko la mkaa.

Ndiyo maana katika nyumba ya wapangaji wengi, kazi huanza kwa kuzungumza na watu. Waeleze majirani kwamba kwa muda wa saa mbili hakuna kuwasha jiko la mkaa, la gesi wala sigara upande huo wa uwanja, na uwaombe watoto wachezee mbali. Kama jirani ana jenereta, au kuna fundi wa kuchomelea mlango wa pili, sogeza gari au ahirisha kazi, kwani cheche za kuchomelea huruka mbali kuliko zinavyoonekana. Kwa mtazamo wangu, uwanja ambao huwezi kuuhakikishia mambo haya haufai kabisa kwa kazi hii, hata kama una vifaa vyote. Gereji iliyofungwa pande zote nayo haifai. Fanya kazi nje, kivulini, penye upepo.

Gari likae mahali tambarare, handibreki ikiwa imevutwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe au magogo. Injini iwe imepoa, na hilo kwa Dar es Salaam lina maana ya kuanza asubuhi kabla hujalitoa gari. Tenki liwe na mafuta robo au chini ya hapo. Kama filta iko chini ya gari, tumia stendi za jeki zilizosimama kwenye ardhi ngumu. Tofali la saruji hupasuka bila taarifa, na jeki peke yake si mahali pa kumlaza mtu chini yake.

Weka mkononi, si ndani ya buti, mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu ambao sindano yake bado iko kwenye kijani. Mtungi ambao gari linatakiwa kuwa nao kwa mujibu wa ukaguzi wa barabarani unatosha kuzima moto mdogo ukiwahiwa, lakini weka pia ndoo ya mchanga. Maji yasitumike, kwa sababu petroli huelea juu yake na moto husambaa. Moto ukishinda mtungi, ondoeni watu na mpige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Vifaa vingine ni miwani ya kinga, glavu zisizopenyeza mafuta, matambara ya pamba, karai la bati, tochi ya LED, na spana, ambazo kwa filta za chumba cha injini mara nyingi ni namba 14, 17 na 19, pamoja na namba 10 ya betri. Taa ya balbu ya waya isikaribie kabisa, kwani balbu ikipasuka waya wake wa moto hutosha kuwasha mvuke.

Jambo moja la mazoea halina budi kusemwa wazi. Kuvuta petroli kwa mdomo kwa mpira, ambako tumekuona tangu utotoni hadi tukadhani ni sehemu ya ufundi, ni hatari kubwa zaidi kuliko kumeza kwenyewe, kwa sababu petroli kidogo ikipita njia ya hewa huunguza mapafu. Aliyemeza asitapishwe na asipewe maziwa kwa imani kwamba yatakata sumu, kwa kuwa kutapika huirudisha petroli kooni na kuipa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni; apelekwe hospitali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ikilowesha nguo, vua mara moja na osha ngozi kwa sabuni. Kunawa mikono kwa petroli baada ya kazi ni desturi nyingine ya kuachwa.

Kutoa presha kabla ya kufungua

Mfumo wa EFI hubaki na presha kwenye mabomba hata baada ya injini kuzimwa usiku kucha. Ukilegeza nati bila kuitoa, petroli hurushwa usoni. Anza kwa kufungua kifuniko cha tenki ili presha ya mvuke itoke, kisha ukirudishe. Baada ya hapo katisha umeme wa pampu, aidha kwa kuchomoa relei au fyuzi yake, aidha kwa kuchomoa soketi ya pampu iliyo chini ya kiti cha nyuma. Washa injini, iache itumie mafuta yaliyobaki kwenye mabomba mpaka ijizimie yenyewe, kisha zungusha stata kwa sekunde chache ili kumaliza kabisa.

Kuna mtego hapa unaowapata hata mafundi wenye haraka. Katika baadhi ya Toyota, fyuzi iliyoandikwa EFI hulisha pia kompyuta ya injini. Ukiichomoa, injini huzimika papo hapo, wewe ukaamini kazi imekwisha, kumbe nozeli zimefungwa na presha yote bado imo ndani. Injini ikizimika bila kuhangaika kwanza kwa sekunde kadhaa, usiamini; katisha umeme kwenye soketi ya pampu yenyewe na urudie. Ikishajizimia kwa njia sahihi, zima swichi, toa ufunguo, na ufungue waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10, uuweke mbali ili usirudi kugusa.

Magari ya petroli yanayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama Toyota zenye injini za D-4, yana upande wa pili wa presha kubwa mno baada ya pampu iliyo kwenye injini. Upande huo usiguswe nyumbani. Filta ya upande wa presha ndogo inabadilishwa kama nyingine.

Kufungua na kufunga

Futa kwanza mchanga na vumbi kuzunguka filta na viungo vyake, kwa kuwa uchafu utakaoingia kwenye bomba la kutokea utakuwa umeshapita filta na utaishia kwenye nozeli. Tazama mshale uliochorwa kwenye mwili wa filta na upige picha. Mshale huelekea kwenye injini, na filta iliyofungwa kinyume huziba mapema au huzuia mafuta kabisa. Weka karai chini, zungushia tambara kwenye kiungo, halafu tumia spana mbili: moja ishike mwili wa filta, nyingine ilegeze nati. Ukitumia spana moja, bomba la chuma litajipinda pamoja na nati, na hapo filta ya bei ndogo itakuwa imekuzalia ununuzi wa bomba zima. Legeza robo mzunguko, subiri mafuta kidogo yaliyobaki yatoke kwenye tambara, ndipo uendelee.

Viungo vya kubofya vya plastiki havihitaji spana. Vioshe mchanga, sukuma bomba kidogo kuelekea kwenye filta, bofya pande mbili kwa vidole, kisha vuta. Bisibisi huvivunja, na mijini mwetu si rahisi kupata kiungo hicho peke yake.

Filta mpya iwekwe mshale ukielekea kwenye injini. Weka washa mpya pande zote mbili za bolti yenye tundu, na kila nati uianze kwa vidole kwa mizunguko kadhaa kabla ya kugusa spana, kwani uzi ukipishana huwezi tena kuzuia uvujaji. Kaza kwa uthabiti lakini bila kutundika uzito wa mwili. Kitabu cha gari kinatoa kipimo kwa mwenye spana ya kupimia. Kiungo cha plastiki kinapoingia hutoa mlio wa kujifunga, na baada ya hapo kivute kuhakikisha hakitoki.

Ondoa matambara yote yaliyolowa, yaanike mbali, na usubiri harufu iishe. Ndipo urudishe relei au soketi, kisha waya wa betri. Weka swichi kwenye ON kwa sekunde chache, zima, rudia mara tatu au nne bila kuwasha, huku msaidizi akimulika viungo kwa tochi. Katika Toyota nyingi za zamani pampu haizunguki mpaka stata izunguke, kwa hiyo zungusha kidogo, acha, kagua, kisha zungusha tena. Gari likiwaka, liache lingurume kwa dakika kumi na pitisha kidole chenye glavu kavu chini ya kila kiungo. Unyevu wowote, hata usiodondoka, ni sababu ya kuzima na kurudia.

Filta ya ndani ya tenki

Kwa IST na ndugu zake, ushauri wangu ni kumwachia fundi. Sababu si ugumu wa kazi. Ni kwamba tundu la tenki linafunguka ndani ya gari, na mvuke wote unajaa mahali unapoweka kichwa chako, kando ya swichi na taa za mlangoni. Hata hivyo unaweza kusimamia. Hakikisha betri imefunguliwa kabla ya kifuniko, milango yote iko wazi, vumbi limefutwa kabla tundu halijafunguliwa, na gasketi ya kifuniko ni mpya. Fundi akikuambia filta haina kazi na aiondoe, au aipulize kwa kompresa na kuirudisha, kataa. Upepo wa kompresa hupasua karatasi ya ndani kwa matundu usiyoyaona, na kuanzia hapo taka hupita moja kwa moja.

Magari ya dizeli

Dizeli haiwaki kirahisi kama petroli, kwa kuwa huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kutoa mvuke wa kutosha, lakini ikimwagikia silensa yenye moto hutoa moshi na huweza kuwaka. Adui wake mkubwa hapa pwani ni maji. Tenki linalopewa mafuta ya elfu kumi kila asubuhi hubaki na nafasi tupu yenye hewa ya unyevunyevu, na wakati wa masika, kupita kwenye maji ya mafuriko pale bonde la Jangwani huongeza hatari hiyo.

Fungua koki ya chini ya filta, kinga maji na dizeli kwenye karai, chomoa soketi ya kihisi cha maji kama ipo, kisha zungusha filta itoke. Hakikisha gasketi ya zamani haijabaki imeganda juu, kwa maana gasketi mbili zikikutana uvujaji ni wa hakika. Paka dizeli safi kwenye gasketi mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza takriban robo tatu ya mzunguko. Pampu ya mkono ipigwe mpaka iwe ngumu, na kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze wakati wa kupampu hadi dizeli itoke bila mapovu, ndipo uikaze. Kwenye injini za komoni reli, yaani zile ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, usijaze filta mpya kwa dizeli ya ndoo, kwani utakuwa umemimina mafuta yasiyochujwa upande wa pampu, wala usilegeze mabomba ya nozeli kutafuta hewa: presha ya huko hupita baa 1,000 na hutoboa ngozi. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo kama tundu la sindano, lakini linahitaji upasuaji siku hiyo hiyo.

Filta ya zamani

Kabla ya kuitupa, mimina kilichomo kupitia mdomo wa kuingilia kwenye chupa nyeupe ya kioo na ukiache kitulie. Kutu nyekundu ina maana tenki linaoza kwa ndani. Matone yanayokaa chini bila kuchanganyika ni maji. Vipande vyeusi laini vinaonyesha mpira unaomeguka kabla ya filta, na mpira huo utaiziba filta mpya vilevile usipobadilishwa. Mafuta hayo yasimwagwe chooni wala mtaroni, kwa sababu mvuke wake husafiri humo hadi kwa wengine. Yapelekwe gereji inayokusanya oili chafu, pamoja na filta yenyewe ikiwa imeshakauka nje.

Andika tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye mwili wa filta mpya. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua boneti na unuse, kisha tazama chini ya gari. Ukisikia harufu ya petroli, usiguse swichi. Lisukume gari mahali pa wazi, fungua waya wa hasi, na ukague viungo upya kuanzia kile ulichokifunga mwisho.